Siitiki Abee

Jumamosi ile nilifunga kibanda changu cha kushonea saa saba mchana, ingawa nilikuwa na sare kumi na mbili za shule zinazosubiri kupindwa. Wateja wangu wananijua. Mimi si mtu wa kufunga kazi kwa jambo dogo.

Rafiki yangu Kengele alikuwa anakwenda kupasuliwa koo Jumatatu. Daktari alikuwa amemwambia bila kumzungusha: uvimbe umekaa pabaya, utatolewa pamoja na kipande cha koromeo, na sauti huenda isirudi tena. Kengele alinipigia simu akanieleza yote hayo kwa sauti ya kukwaruza, halafu akasema, "Nataka tuuimbe ule wimbo wetu mara moja, tukiwa wote watatu. Usinikatalie."

"Mwanao si amekurekodi?" nikamuuliza. Nilijua binti yake alikuwa amemkalisha na simu siku mbili nzima, asome majina ya wajukuu, aseme usiku mwema, acheke.

"Amenirekodi. Lakini mwenzangu, miaka thelathini pale kituo cha mabasi, kwenye kipaza sauti, nimesema maneno ya watu. Basi la saa mbili liko mlango wa nne. Aliyepoteza mkoba mweusi afike ofisini. Maneno yangu mwenyewe ni yale tu ya wimbo. Hayo sijayaacha popote."

Nikakubali. Lakini niseme kweli, moyo ulikuwa mzito, na sababu yake ni ya zamani.

Tulikuwa wasichana watatu wa miaka kumi na sita, bwenini: mimi, Kengele na Waya. Kaka yake Waya aliazima mahali kaseti ya kundi moja la ng'ambo, wale wa roki ya makelele iliyoitwa panki. Kwenye jalada lake walikuwa vijana wanne, nywele zimesimama kama upanga wa jogoo. Sisi shule ilitunyoa vipara, kwa hiyo cha kusimamisha hatukuwa nacho. Tukasimamisha kola.

Mlezi wa bweni alikuwa na redio kaseti. Watu walimwogopa, lakini kila Jumamosi baada ya kufua alitupatia redio yake, akatuonyesha stoo ya magodoro, akatuambia, "Betri tafuteni wenyewe. Mimi sijaona wala sijasikia." Nimewaza baadaye jinsi ambavyo angeweza kufukuzwa kazi kwa ajili yetu. Hakuwahi hata kulitaja hilo.

Betri mpya tungezitoa wapi? Tuliokota zile zilizokwisha kwenye tochi za watu, tukazianika juani, juu ya paa la chumba cha kufulia. Zikishapata moto zilifufuka kidogo, zikatupa nusu saa, wakati mwingine zaidi. Kupanda paani ilikuwa kazi yangu kwa sababu ya urefu wangu. Nilizigeuza mara mbili tatu, kama mtu anayeanika mihogo.

Tulichagua wimbo mmoja tu. Lugha yake hatukuijua, kwa hiyo Kengele akatunga maneno yetu. Enzi hizo msichana akiitwa ilimpasa aitike "abee", tena mbio, tena kwa sauti ndogo. Kengele akaandika:

*Niite mara mia, siitiki abee.*
*Niite kwa fimbo, siitiki abee.*
*Nikija, nimekuja kwa miguu yangu mwenyewe.*

Aliuimba kwa sauti nzito, kama kipande cha reli kinachogongwa wakati wa kuingia darasani. Jina la Kengele likatokea hapo. Waya alipiga gitaa lenye nyuzi tatu. Alikuwa mwembamba hata ukimtazama kwa upande unampoteza. Mimi nilipiga ngoma ya gwaride na vifuniko viwili vya sufuria. Tulifanya mazoezi muhula mzima, kaseti ikiimba, sisi tukiifuata hatua kwa hatua.

Siku ya kufunga shule tulipanda jukwaani mbele ya wageni wa shule ya wavulana. Hatujamaliza ubeti wa kwanza, mvulana mmoja akasimama kwenye benchi. "Jamani amkeni! Wimbo huu nyumbani ninao, hauendi hivyo! Nyinyi mnaimba usingizini!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tukashuka kabla ya ubeti wa pili.

Nyuma ya jukwaa wenzangu wakanigeukia. Ngoma ndiyo inayoongoza mwendo, na mwendo ulikuwa wangu. "Umetuvuta nyuma," alisema Waya. Kuanzia siku ile nikaitwa Konokono. Walinisamehe haraka, ni wasichana wazuri, na urafiki wetu haukukatika hata siku moja. Lakini fimbo za ngoma sikuzishika tena. Hata harusini, watu wakipiga makofi, mimi hushika pochi.

Basi Jumamosi ile Waya alifika wa kwanza, na gitaa aliloazima kwa mkwewe. Siku hizi mlango wangu anauingia kiubavu.

"Waya, umekuwa nguzo," nikamtania.

"Na waya utatundikwa wapi bila nguzo? Nipishe nikae."

Kengele aliletwa na mumewe, shingo imefungwa mtandio. Mume hakuingia. Aliniambia taratibu, "Shemeji, akichoka nipigie, niko hapo kwenye kona," akaenda kusimama juani, pasipo na hata kiti. Waya naye alitoa chupa ya maji ya uvuguvugu kwenye mkoba wake, akakilegeza kifuniko, akaiweka pale mkono wa Kengele ungefika.

Kengele akatazama ukutani. Mtu wa mabasi haingii chumbani asitazame saa. "Saa yako imekufa au inasinzia?"

"Inasinzia. Kila asubuhi naisogeza dakika kumi, na jioni imeshazila tena."

"Kweli wewe ni Konokono. Mpaka saa umeiambukiza."

Tukacheka. Nikasogeza vitambaa, nikaweka mbele yangu kopo la biskuti ninalowekea vifungo. Ukilipiga linalia vizuri, na vifungo vinatetema ndani kama ngoma ya kweli. Fimbo zangu zilikuwa vipande viwili vya ufito wa pazia.

Waya akatoa simu yake. "Subirini kwanza niwape zawadi. Nimeupata! Wimbo wenyewe, wa wale wale wenye upanga wa jogoo. Wiki nzima nautafuta. Leo tuuimbe unavyotakiwa, asitokee mtu wa kusimama kwenye benchi."

Akabonyeza. Jamani! Ule wimbo ulitoka kama kuku aliyefunguliwa kizimbani. Ulikuwa wenyewe, hilo halikuwa na shaka, lakini ulikimbia, na waimbaji walipiga kelele juu, juu kabisa.

"Hawa wanafukuzwa na nani?" akauliza Kengele.

"Ndivyo ulivyo. Twende."

Tukajaribu. Mikono yangu ilijikwaa. Kengele aliingia, akafika "niite kwa fimbo", pumzi ikamwishia. Tukarudia. Safari hii sauti ilipanda, ikapasuka, ikatoka upepo mtupu. Mara ya tatu alishikwa na kikohozi, akainamia meza ya kukatia, na Waya akamshikilia mgongoni mpaka kikapita. Nilimpa maji.

"Basi," akasema. "Yaishe. Nilifikiri angalau huu ni wangu. Kumbe miaka yote hii hata huu siujui."

Hakulia. Afadhali angelia. Alivua mtandio wake, akaanza kuukunja, pole pole, kama mtu anayefunga duka.

"Si kosa lako," akasema Waya. Alitaka kumfariji, akashika lililokuwa karibu. "Ni huyu Konokono anatuvuta, kama zamani."

Hakuwa na nia mbaya, na nadhani alijuta neno lilipotoka. Mimi niligeuza uso nisionekane, macho yakaangukia ile saa ukutani. Mshale wa sekunde ulikuwa unapanda kwa shida, unasita, unapanda. Hakuna kilichoharibika ndani yake. Ni betri tu.

"Waya," nikasema. "Zile betri za juani. Zilikuwa na nguvu kiasi gani?"

"Nguvu ipi? Zilikuwa maiti. Tulikuwa tunafufua maiti."

"Na kaseti ikizungushwa na maiti inaendaje?"

Waya akatazama simu, akatazama saa, akanitazama mimi. Kengele ndiye aliyesema.

"Inakwenda pole pole. Na sauti inakuwa nene."

"Hatukuwahi kuusikia wimbo huu," nikasema. "Hata mara moja. Tulisikia betri zilizokwisha. Muhula mzima tulijifunza mwendo wa betri zilizokwisha, sote watatu, na mimi nilipiga vile vile kaseti ilivyoimba."

Waya akaanza kucheka, kile kicheko cha kutoka tumboni, kiti kikilalamika chini yake, hadi machozi yakamtoka. "Mama wee! Kumbe yule mvulana kwao kulikuwa na umeme!" Alipotulia akanishika kiganja. "Miaka arobaini na minne tumekuonea. Na uliitika kila tulipokuita Konokono."

"Ningefanyaje? Nilifikiri ndiyo haki yangu."

"Zima hiyo simu," akasema Kengele. Alikuwa amesimama wima, mtandio umelala mezani. "Hao wakimbie zao. Mimi nataka wimbo wetu."

Waya hakuizima, aliigeuza irekodi, akaiegemeza kwenye nyuzi za kushonea rafuni. Nami nikaanza. Sikuhesabu, mikono ilikumbuka yenyewe: kopo, kopo, meza, kopo, kopo, meza, kama mtu anayepanda paani akiangalia asiteleze. Gitaa likaingia. Kengele akavuta pumzi, na safari hii palikuwa na nafasi ya kuivuta.

*Niite mara mia, siitiki abee.*

Sauti ile ya ugonjwa, iliyokwaruza na kushuka chini, ilikaa mahali pake sawasawa. Hakulazimika kuipandisha popote. Ubeti wa kwanza ukapita, tukafika pale tulipochekewa siku ile, nikaogopa, nadhani sote tuliogopa, tukapita. Ubeti wa pili tuliupiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza, kama mtu mmoja ni watu: maana kupitia upenyo wa mlango nilimwona mteja wangu mmoja, baba aliyefuata suruali yake. Hakubisha hodi. Alivua kofia, akasubiri kwenye ngazi mpaka mwisho.

Kengele alimaliza neno la mwisho, akakaa. "Hiyo sasa," akasema, "nimeisema."

Akapasuliwa Jumatatu. Tuliruhusiwa kumwona siku ya tano. Uvimbe ulikuwa umetoka wote, daktari alifurahi, lakini sauti haikubaki. Kilichobaki ni mnong'ono, nao ulikatazwa kwa mwezi mzima. Alikuwa amekaa kitandani na bomba dogo shingoni, daftari magotini. Mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye naye hakuweza kuinuka, alikuwa amempa kalamu yake ya wino kwa sababu kalamu ya Kengele ilikuwa imekauka.

Waya akaweka simu juu ya mto, akabonyeza. Kengele akafumba macho. Kidole chake kikaanza kugonga chuma cha kitanda: kopo, kopo, meza.

Nesi akatokea mlangoni. "Mama, njoo tupime uzito."

Kengele hakugeuka. Nesi akadhani hakusikia, akaita tena. Kengele akainua kidole kimoja, ngoja. Wimbo ukaendelea hadi mwisho. Nesi yule, Mungu ambariki, naye akasimama akiegemea mlango, akasikiliza, wala hakutazama saa. Ulipoisha, Kengele akashuka kitandani, akakataa mkono wangu, akakataa wa Waya, akaenda hadi kwenye mizani kwa miguu yake mwenyewe.

Aliporudi akavuta daftari, akaandika kwa muda mrefu kidogo, akanigeuzia nisome. Nikavaa miwani.

"Konokono," aliandika, "ubeti wa pili ulikimbia."

Nikausoma mstari ule mara mbili. Waya alikuwa anachungulia juu ya bega langu, akicheka mpaka wagonjwa wengine wakauliza kuna nini. Waya alinitumia rekodi ile, nikaisikiliza tena nyumbani, simu iko karibu na sikio. Ni kweli, nilikimbia. Jumatatu iliyofuata nilimpelekea mtandio mpya niliomshonea, mpana wa kuficha bomba, na nikamwambia tukirudia nitajirekebisha.