Mikia ya Maneno Chini ya Nyumba ya Mwalimu

Verlin alipandwa na hasira hata kabla hajavua aproni. Binti yake, Keziah, alikuwa mezani na zoezi la Kiingereza, nusu limejibiwa, nusu jeupe pe.

"*Fearless* ni mtu asiye na woga," Keziah alisema. "*Careful* ni mwenye uangalifu mwingi. *Less* na *ful*, hiyo mikia miwili ya maneno Mwalimu alitufundisha."

"Na hii mingine? *Ness*, *able*, *ment*?"

"Hiyo anafundisha jioni, kwake. Alisema asiyekuja tuisheni asimsumbue kwa maswali."

Jamani! Mtu anakula mshahara wa serikali, asubuhi anagawa mikia miwili, iliyobaki anaificha aiuze jioni! Na mtihani wa kuingia sekondari ya mjini ulikuwa wiki ijayo. Verlin alikaanga na kuuza fulauri, vile vidonge vya unga wa dengu, mpaka macho yakamwiva, na bado ada ya tuisheni ilimshinda. Alijua vizuri walikoishia waliofeli mtihani ule. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao.

"Chukua penseli," alisema. "Twende."

Nyumba ya Mwalimu Thornhill ilisimama juu ya nguzo, kama zote pale kijijini, na tuisheni ilifanyika chini yake, kwenye mabenchi, kando ya pipa la maji ya mvua. Ukuta hakuna. Verlin alimsimamisha Keziah barabarani, penye uzio.

"Mama Keziah, hapa ni kwangu," Mwalimu alisema.

"Na hapa ni barabara ya watu wote. Endelea, baba. Au umeishiwa mikia?"

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu aligeuza ubao ukawapa mgongo waliokuwa nje, kisha akaanza kufundisha kwa kunong'ona. Mtu mzima ananong'ona ili mtoto wa mwenzake asisikie!

Watoto nao wakanong'onezana, wakachekana. Mwalimu, amekereka, akagonga meza kwa rula awanyamazishe. Pa!

Alijisahau. Mwaka mzima alikuwa amewazoesha kwamba rula ikigonga, wote wanasoma ubao kwa sauti.

"*Ness*, hali ya kuwa! *Kindness*, wema! *Darkness*, giza!"

"Nyamazeni!" Pa!

"*Able*, kinachowezekana! *Washable*, kinafulika!"

"Nimesema kimya!" Pa! Pa!

"*Ment*, tendo au matokeo yake! *Payment*, malipo!"

Keziah aliandika mbio, karatasi ameibana juu ya nguzo ya uzio. Msichana mmoja wa benchi la mbele alimwona. Akageuka kabisa, akampa Mwalimu kisogo, akarudia yote tangu mwanzo, polepole, uso ukielekea barabarani. Wenzake wakamfuata. Mwalimu akaitupa rula chini.

Verlin hakucheka.

"Umewaona? Hawa wako hawajapungukiwa na kitu," alisema. "Wanajua, na wangu anajua. Kesho asubuhi nitakuwa kwenye dirisha la darasa lako shuleni. Uigonge hiyo rula mbele ya watoto wote, mikia yote ikiwa ubaoni, Mwalimu, au nitaingia niigonge mwenyewe."