Mtoro kwenye Dirisha la Albano

Jumatatu moja ya mwaka 1953, vitumbua vilipokwisha, Tabu binti Salumu alinawa mafuta mikononi, akajifunga kanga mpya na kwenda kwa Albano, mpiga picha wa Temeke, kupigwa picha mbele ya gofu.

Gofu hilo Albano alilichora mwenyewe kwenye turubai baada ya kuliona katika sinema ya bure uwanjani: kuta ndefu nyeusi, madirisha yaliyochongoka juu, popo, mwezi mwembamba nyuma ya mnara. Mpiga picha wa ng'ambo ya barabara alikuwa na turubai la bustani, lakini wateja walimkimbia. Bustanini mtu hulazimika kucheka. Mbele ya gofu la Albano hata muuza mkaa alitoka na uso wa mtu mwenye siri nzito, na huzuni yake ikamkaa vizuri kama joho.

Tena wafu walipenda kuchungulia madirishani. Albano aliwaomba tu wasitikisike.

"Tazama hapa, dada," alimwambia Tabu. "Na wewe wa dirishani, tulia."

Picha ilipokuwa tayari, Mwinjuma, mumewe Tabu, alionekana kwenye dirisha la kushoto, kofia mkononi, vumbi la mawe nyusini. Miezi mitatu nyuma ukuta wa machimbo ulimwangukia. Msimamizi hakutaka kazi isimame ili afukuliwe, akaandika daftarini kwamba ametoroka. Basi hakuna aliyemswalia, Tabu hakukaa eda, na majirani walimuuliza mume kahamia kwa mwanamke gani.

Tabu aliipeleka picha kwenye ofisi ya machimbo. Karani Leonardi aliishika kwenye mwanga wa dirisha.

"Loo, mnara huu! Kachora nani?"

"Albano. Huyo hapo ni mume wangu. Naomba mumfukue."

Leonardi aliingia nayo kwa msimamizi, akakawia, akarudi.

"Bwana mkubwa kaipenda sana. Anasema kwao magofu kama haya yapo, ila hili limeyazidi. Lakini mama, ilipigwa lini?"

"Jumatatu."

"Basi Jumatatu mumeo alikuwa Temeke, kasimama kwa miguu yake. Huyo mtoro kweli."

Akaandika hivyo daftarini, pamoja na tarehe, kisha akamrudishia picha kwa mikono miwili.

Tabu aliitundika ukutani. Shoga yake Zuena alikuja, akaitazama.

"Maskini, kumbe alikuwa chini ya mawe," akasema, akatoka kwenda kuazima mikeka.

Jioni ile wanaume wa mtaa walimswalia Mwinjuma swala ya ghaibu. Tabu alianza eda yake akiielekea picha. Alipenda jinsi madirisha yale yalivyokuwa marefu. Mtu aliweza kusimama ndani yake bila kuinama, na giza la nyuma yake lilikuwa safi, kama limefagiliwa.

Kesho yake saa mbili asubuhi baruti ililipuliwa machimboni kama kawaida, hatua ishirini kutoka alipolala Mwinjuma.