Kikapu cha Veneranda

Hapa Igowole hakuna aliyewahi kununua uyoga kwa Veneranda akauliza kama ni salama. Angeanzaje? Uyoga wa kwanza wa kila msimu mama huyo aliupika mwenyewe, akaula mbele ya wateja, ndipo akauza.

Basi daktari mmoja wa Iringa alipomwonyesha picha ya ng'ombe, Veneranda akasema "mbwa", akaonyeshwa kuku, akasema "mbwa" tena, binti yake Faustina alicheka kwa aibu. Daktari hakucheka. Alisema ugonjwa huu wa ubongo humwachia mtu kumbukumbu za matukio yake, ila humfutia maana ya vitu, kimoja kimoja, na dawa hauna.

Silvester, kaka yake Faustina, hakutaka kusikia.

"Mama anakumbuka hata shati nililovaa msibani kwa Tadeo! Sasa hapo kasahau nini?"

Na kweli alikumbuka. Hicho ndicho kilichomchosha Faustina.

Mvua zikaja. Jumatano asubuhi Veneranda alirudi kutoka msituni na kikapu kimejaa, akainjika sufuria uani. Jirani yao Verediana na wanawake wengine walisubiri na mabakuli yao. Faustina akachungulia kikapuni. Yeye uyoga haujui, alipelekwa bweni mapema akaishia ofisini mjini. Ila mmoja aliujua: mweupe, wenye pete shingoni na kifuko shinani. Alipokuwa na miaka sita aliushika, mama yake akamzaba kofi, akamwosha mikono mara tatu, huku mama mwenyewe akilia.

"Mama, na huu?"

"Mzuri huo," alisema Veneranda, akaukatia sufuriani.

Faustina aliipiga sufuria teke. Kisha akamwaga kikapu kizima chooni, mbaya na mzuri, maana hakuweza kuutofautisha, na aliyekuwa akiweza alisimama pale akimtazama.

"Faustina, mwanangu, mbele za watu?"

Wanawake waliondoka na mabakuli matupu. Hawajarudi tena.

Miezi minne imepita. Veneranda hagusi chakula cha Faustina, anakula cha Silvester tu. Kila mgeni lazima asimuliwe: ilikuwa Jumatano, kuna manyunyu, Verediana kajifunga kanga ya kijani, na mtoto wa kumzaa mwenyewe akamwaga kikapu. Hakosei hata kidogo.

Jana Faustina alishindwa kuvumilia, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, kikapu kilikuwa na nini?"

Veneranda alimkazia macho. Akatafuta neno, akatafuta.

"Vitu," akasema mwishowe. "Vitu vyangu. Ukavimwaga."