Ampu Juu ya Meko

…kwa sababu moshi haujawahi kuozesha kitu, nani asiyejua hilo, mbegu za maharage zinakaa juu ya meko mwaka mzima na mdudu hazigusi, mtama wa kupikia pombe ya rubisi unakaa hukohuko, mahindi pia, hata ngoma ya marehemu mume wake ikilegea ilisogezwa motoni ngozi ikakaza, ikalia kama imewambwa jana, sasa hili sanduku ambalo kazi yake ni ileile ya ngoma, moto ungeligeukia kwa kosa gani, aliwaza Anatolia, amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya duka la vyombo vya muziki pale Miembeni, mkoba mapajani, macho kwenye mgongo wa fundi Mashimba aliyeinamia ampu ya besi ya mwanawe Rwekaza akitoa skrubu ya mwisho, na ubao wa nyuma ukaachia, masizi yakamwagika sakafuni, si haba, ya kujaza kopo, meusi, mepesi, ya miaka sita, fundi akarudi nyuma akapiga chafya, akamulika ndani kwa tochi ya simu, akauliza kwa upole unaoudhi, upole wa daktari aliyekwisha kujua, “Mama, hii ilikuwa inakaa wapi?” Akamjibu nyumbani, ilikuwa inakaa nyumbani, alitaka ikae wapi, gesti… lakini hakusema juu ya meko, kwenye uchanja, kati ya gunia la mbegu na kikapu cha vitunguu, maana alishaanza kusikia kwamba jibu hilo, ambalo kijijini kwake Izigo lingemletea sifa ya mwanamke anayejua kutunza, hapa mjini lina harufu mbaya, na pembeni yule bwana mwingine akapiga tena zile sauti zake nne, dum, dum, du-dum, Karugendo jina lake, mwalimu wa kwaya kutoka Izimbya, amejitambulisha mara mbili bila kuulizwa, tangu asubuhi analinganisha ampu mbili za kununulia kwaya yake, moja mpya ya Kichina, pana, ina taa za buluu kama baa, nyingine ya mtumba, fupi, nzito, kona zimeparuka, anapiga sauti nne kwenye hii, anachomoa waya, anachomeka kwenye ile, anapiga zilezile nne, anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi, halafu anawatangazia watu wote kwamba hii ina wati nyingi lakini haina tumbo, ile ina tumbo lakini ikipandishwa inakoroma, na kwamba ampu ya besi ni kama mke, usimchague kwa taa… na Anatolia akawaza kwamba mwanamume anayefananisha vitu na mke mbele ya mjane ama hana mke ama anaye na hawasemeshani.

Zile sauti hazipiti masikioni, hilo ndilo baya lake, zinapanda kutoka kwenye saruji, zinaingia kwenye nyayo, zinapita kwenye magoti yale yanayouma, zinakuja kukaa hapa, chini ya kifua, mahali ambapo hajawahi kumwonyesha mtu, na ndivyo ilivyokuwa jioni ile Rwekaza alipofika na sanduku hili kwenye baiskeli, amelifunga kwa mpira, amelisukuma kutoka Muleba mjini kupanda vilima vyote vile, alilinunua kwa bendi moja ya kupita ambayo gari liliwaharibikia pale, na bendi yenyewe ikaharibika palepale, wakauza kila kitu wakapanda basi, naye akatoa kahawa yake yote ya msimu, kahawa ya miti aliyopewa na baba yake, kwa ajili ya sanduku, akalichomeka, akavuta uzi mmoja tu wa gitaa, na vikombe vikatetemeka kabatini, kuku wakakimbilia migombani, na baba yake, Lwakatare yule aliyekuwa hacheki hata kwenye harusi, akacheka, akasema mtoto ameleta radi ndani ya nyumba… na yeye Anatolia alisema nini, alisema radi hailimi, ndivyo alivyosema, na watu wakacheka zaidi, naye akafurahi kuwachekesha, ulimi wake ulikuwa hivyo tangu shule, alifika darasa la nne tu lakini mwalimu alikuwa akimwogopa, na alichokuwa anakisikia chini ya kifua hakukisema, kwa nini akiseme, ukimsifia mtoto kitu anachokipenda mwenyewe utamwambia nini siku ukitaka akipende unachokitaka wewe.

Fundi anasema jambo, anasema kuhusu karatasi, “Mama, sogea uone,” naye hakusogea, akasema anaona hapohapo alipo, ingawa haoni, na fundi akaeleza kwamba spika ndani ni karatasi, karatasi ndiyo inayopumua mbele na nyuma sauti ikatoka, na karatasi hii imeiva, ndivyo alivyosema, imeiva, na panya nao wamelala kwenye nyaya, akanyoosha kidole akagusa kwa ncha tu, na kipande kikadondoka kama gome kavu la mgomba, na Karugendo akaacha kupiga, akaja na gitaa lake shingoni, akachungulia, akasema lo, chuma cha zamani hiki, sumaku kama hii haitengenezwi tena, kama ingekuwa inalia angeichukua leoleo akaacha hizo mbili, halafu akageukia Kihaya, akamwambia Anatolia kwa sauti ya chini awe macho na huyu Msukuma, atamla vipuri vyote ndani abakize sanduku la kutagia kuku, na Mashimba bila kuinua kichwa akajibu kwa Kihaya hichohicho kwamba yuko Miembeni mwaka wa kumi na tano, waitu, na kuku wake wanataga wenyewe, na siku nyingine Anatolia angecheka, angeongeza na lake… lakini alikuwa anatazama kile kipande cha karatasi sakafuni, kidogo, kama unga wa kahawa iliyoungua, na anawaza Jumamosi.

Maana Jumamosi anakuja, Rwekaza, alipiga simu Alhamisi kutoka kisiwani anakovua, upepo unapuliza kwenye simu, akasema Mae, mama yangu, kuna bwana mmoja hapa anaitwa Magesa, mwenye mitumbwi, anafungua ukumbi, anataka bendi, ananitaka nipige besi, Jumamosi navuka nakuja kuchukua ampu yangu, na Anatolia akamwambia njoo, ipo, nani ameila, na alipokata simu akaweka ngazi, mwanamke wa miaka sabini na miwili, akapanda mwenyewe, akaifuta kwa kanga yenye maji ikazidi kuwa nyeusi, ndipo alipoamua kuileta mjini ifutwe na watu wanaojua, ijaribiwe, akaipakia juu ya mikungu ya ndizi kwenye pikapu ya jirani, maana aliyapanga yote, anakuja, anaikuta inang'aa uani, anaichomeka, mwanamume hawezi kuchukua chombo bila kukijaribu, atakijaribu mchana mzima, atakula, atakijaribu tena, na kesho yake Jumapili atakwenda atakako, yeye hadai zaidi ya mchana mmoja, ila ikiwa bubu… ataitazama akiwa amesimama, hata kiti hatakigusa, ataondoka na boti ya jioni, na ngazi haitapandwa tena na mtu kwa ajili ya kitu chochote.

Sasa fundi anahesabu njia kwa vidole, njia ya kwanza atoe spika hii aweke nyingine, itaimba, ila hataki kumdanganya mama wa watu, haitaimba kama ilivyokuwa ikiimba, njia ya pili aiache hapa kwa ajili ya sumaku na transfoma, aongeze kidogo aondoke na ile ya Kichina, na Karugendo akaingilia kwamba ile ya Kichina haina tumbo, ameshasema, na njia ya tatu arudi nayo kama ilivyo, iwe kumbukumbu, na neno hilo kumbukumbu likamchoma, kumbukumbu ni ya marehemu, mwanangu anavua dagaa, hajafa, alitaka kusema hivyo, hakusema, kwa kuwa alikuwa ameona kidole cha fundi, kile alichogusia karatasi, Mashimba alikuwa amekiinua mbele ya uso, cheusi, anakitazama, anakisugua taratibu kwenye kidole gumba… na Anatolia amewahi kuona jambo hili, hivihivi, kidole hivi na gumba hivi, wapi, si hapa, jikoni kwake, Krismasi, si hii iliyopita wala ile, ya tatu nyuma, alimwambia Rwekaza apande amshushie mbegu za maharage, miguu yake ilikuwa imevimba, naye akapanda, na akakaa huko juu muda mrefu kuliko maharage yanavyotaka, yeye huku chini anamenya ndizi akauliza umelala huko, na akashuka na mbegu, na kidole kimoja cheusi, akakitazama hivi, akakisugua hivi, akaenda kunawa kwa sabuni, akanawa tena, akarudi akakaa, akasema, “Iko salama, Mae. Umeitunza.”

Aligusa karatasi, kwa tundu waliloingilia panya. Aliijua. Mtu aliyekuwa akisikia mlio wa jembe akajua ni la nani, aguse karatasi iliyoiva asijue… na yeye hapo alifurahi, Mungu amsamehe, alifurahi kwa kusifiwa, na akafurahi kwa jingine, maana alipompa bakuli aliiona mikono yake, viganja vimechanwa na nyuzi za nyavu, na zile ncha za vidole, zile ambazo tangu ujana zilikuwa ngumu kama kwato kwa ajili ya nyuzi za besi, zilikuwa laini, laini kabisa, ngozi mpya kama ya mtoto, na yeye mama yake mzazi akajisemea moyoni, afadhali, sasa ana mikono ya kazi… hakujiuliza mtu anayesema anapiga besi kwenye ukumbi wa huyu na wa yule vidole vinalainikaje, mwaka jana mwenye ukumbi alikuwa Minza, kabla ya hapo kulikuwa na bendi ya harusi, jina amesahau, kila mara ni Jumamosi nakuja kuichukua, na kila Jumamosi ziwa limechafuka, injini imekufa, na yeye amekaa na matoke yanapoa akililaani ziwa, ziwa la watu, halijamkosea, kumbe hakuna ukumbi, hajawahi kupiga tangu aondoke, atapigia nini, ampu iko kwa mama yake juu ya meko, imefungwa kamba kama mbuzi wa mahari, maana yeye ndiye aliyesema mbele ya ukoo, siku walipoondoa matanga ya Lwakatare na kumkabidhi Rwekaza kibanja kikubwa, shamba la ukoo, kama mrithi, naye akasema atalima ila Jumamosi atapiga muziki, yeye akasimama mbele ya wazee akasema chagua, kibanja au sanduku, ukichagua vibaya sanduku linabaki hapa, siku ukirudi kulima utalikuta, wazee wakaitikia, na mtoto akatazama chini, akatoka mikono mitupu, hakuchagua hiki wala kile… Darasa la nne waliandikishwa mchelea mwana kulia hulia yeye, wakaimba kwa pamoja mpaka sauti ikatokea dirishani, na yeye hakumchelea mwana, alitii, alifanya kama ilivyoandikwa, mbona basi.

Dum, dum, du-dum, Karugendo amerudi kwenye mtumba wake, anasema ameamua, hapana, bado hajaamua, na Anatolia anawaza kwamba mtu havuki ziwa kufuata sanduku lililokufa, maiti ya ndugu ndiyo, tunavuka, tunaileta tuizike kibanjani kwake, lakini sanduku, na Rwekaza anajua limekufa, na anajua mimi sijui… miaka yote hii alidhani ameshika kamba, na upande wa pili kuna mtoto, siku atakapochoka atarudi kwa njia ya kamba hiyohiyo, kumbe upande wa pili haukufungwa kitu, ni yeye mtoto aliyekuwa anaitingisha mara mojamoja, taratibu, kwa simu ya mkopo kutoka kisiwani, ili mama yake asihisi imelegea, na huo si msamaha, msamaha mtu huja akakupa usoni ukautemea mate ukitaka, huu ni wema anaofanyiwa kichaa, na yeye amejifunza wapi wema wa namna hiyo, si kwangu. Akitengeneza ampu ni kama amempigia simu akamwambia nimejua ilikufa. Akichukua ya Kichina ni kumwambia mimi bado mjinga, bado naamini unapiga, endelea. Na Jumamosi, Jumamosi hakuna atakayekuja, hilo sasa amelijua kama anavyojua jina lake, atapika chakula cha watu wawili na saa nane simu italia, mawimbi, Mae, mawimbi makubwa leo, na yeye atatakiwa kusema kitu, na kitu hicho hakitahusu ampu, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, na mama na mwana wanazungumza nini, watu wanaozungumza huwa wanaanzia wapi, wanaulizana wamekula?

Mashimba bado amechuchumaa, ubao mkononi, masizi hadi kwenye nyusi, anasubiri, si mtu mbaya, na Karugendo naye ameshika uzi mmoja bila kuuachia.

“Mama, nifunge au niache wazi?”

Na Anatolia, ambaye Izigo nzima wanajua hajawahi kukosa la kujibu, aliweka mkoba chini, akasogea kama alivyoambiwa tangu mwanzo, akaigusa karatasi kwa ncha ya kidole, akakisugua taratibu kwenye gumba.