Kizibo Kwenye Nguzo ya Tano

Picha iliingia kwenye simu saa tatu na nusu asubuhi, Kapteni akiwa mezani anachovya mkate kwenye chai.

Mtaani wote walimwita Kapteni, jina la vita, ingawa vita vilimchukua miaka mitatu tu na uhandisi ukamla arobaini. Madaraja kumi na moja aliyoyajenga hayakumpa jina. Jina alipewa na lile moja alilotumwa kulilipua, na bahati nzuri hakulilipua. Ndivyo watu tulivyo, na Kapteni alishazoea.

Picha ilitoka kwa binti yake, Rula. Jina hilo la utani alilipata akiwa darasa la pili, siku alipopima fanicha zote za nyumbani kwa rula ya shule na kumtangazia mama yake kwamba kabati limekaa upande. Lilikuwa limekaa upande kweli. Sasa alikuwa mhandisi kama baba yake, na mwezi huu alikuwa amekabidhiwa daraja lile lile la vita, alitanue magari yapate kupishana.

Chini ya picha aliandika: "Baba, ona hii! Nguzo ya tano, upande wa chini wa maji. Kuna fundi wa zamani alipaziba vizuri ajabu, hata kizibo cha soda kakisahau kwenye saruji. Saa nne tunatoboa hapo hapo, tunapitisha nondo."

Kapteni alicheka. Mafundi bwana! Akaivuta picha kwa vidole viwili ili aione vizuri. Saruji ilikuwa imesuguliwa ikalainika, na katikati yake kizibo chenye kutu kilikuwa kimekandamizwa, meno yakiangalia nje.

Meno yakiangalia nje.

Mkate ukamponyoka ukazama kwenye chai. 

Hapa inabidi tumwache mzee na kikombe chake, turudi nyuma miaka thelathini na minne, la sivyo hamtaelewa kwa nini mtu mzima na heshima zake alitoka nyumbani mguu mmoja kiatu, mguu mwingine ndara.

Vita vilipochacha, jeshi lilimtoa kijana mhandisi kwenye vipimo vyake vya barabara, likamvisha ukapteni na kumpa kikosi kidogo na amri fupi: jaza baruti darajani, adui akifika mtoni daraja lianguke. Daraja lilikuwa na nguzo saba, nene kila moja kama nyumba, na kila nguzo ilikuwa na vishubaka viwili vilivyoachwa na waliolijenga, kimoja upande wa juu wa maji na kimoja upande wa chini. Masanduku ya baruti yalikuwa kumi na sita. Akagawana kazi na Sajini wake, manane kwa manane.

"Tunajaza nguzo ya tatu," alimwambia. "Mimi upande wa juu, wewe upande wa chini. Kila mtu na mtumbwi wake. Usinisubiri."

"Ya tatu, afande. Nimeelewa."

Sajini alikuwa mtu wa soda. Hata mabomu yakilia, mfukoni hakosi vizibo, na yeye ndiye aliyeanzisha mtindo wa kikosi: kishubaka kikijazwa kinazibwa kwa saruji, na saruji ikiwa mbichi inakandamizwa kizibo, meno nje. Maana yake humu mmejaa, usiguse. Hakuna kikosi kingine kilichojua alama hiyo.

Asubuhi ile moshi ulifunika mto mzima. Kapteni alijaza chake akaziba, akasubiri Sajini amletee ncha ya waya wa kulipulia. Mabomu yakaanza kupiga maji. Moshi ulipopungua, aliuona mtumbwi wa Sajini ukienda na maji, umepinduka. Akapiga makasia mpaka upande wa pili wa nguzo, akakuta kishubaka kitupu. Basi aliandika alichoamini: "Sajini hakufika nguzoni. Masanduku manane yamezama."

Siku nane baadaye vita vilikwisha bila adui kuufikia mto. Kapteni aliyatoa masanduku yake manane kwa mikono yake mwenyewe, na hapo ndipo alipopata kuijua hofu. Kuweka baruti alikuwa na haraka, hakuwa na nafasi ya kuogopa. Kuitoa ni kazi ya polepole. Alipomaliza, aliamriwa ashushwe kwa kamba akague nguzo zote saba kabla watu hawajaruhusiwa kupita. Akakagua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne. Kwenye ya tano mikono iligoma. Ilitetemeka hivi kwamba hakuweza kuishika kamba, na juu darajani watu wenye mizigo vichwani walikuwa wakipiga kelele wafunguliwe njia. Ya nini kukagua nguzo ambazo hakuna aliyezigusa? Akapandishwa, akaomba kalamu, akaandika: "Nguzo zote saba nimezikagua kwa macho yangu. Daraja ni safi." Akasaini.

Tangu siku hiyo alilivuka daraja lile mara ngapi, na mabasi, na malori ya saruji, na Rula akiwa mchanga mgongoni kwa mama yake!

Sasa alikaa na picha mkononi, akahesabu kwa vidole juu ya kitambaa cha meza. Nguzo ya tano kuanzia mjini. Michoro yote huanzia mjini, wahandisi wote huanzia mjini, wala haijawahi kumjia akilini kwamba kuna mtu anayeweza kuanzia kwingine. Lakini Sajini hakuwa mhandisi. Alikuwa mvushaji wa watu kwa mtumbwi kabla ya vita, mzaliwa wa ng'ambo, na mama yake aliuza vitumbua pale pale daraja lilipoanzia. Ndivyo alivyokuwa akisema: pale daraja linapoanzia, kwa mama. Kapteni akahesabu kutoka kwa mama yule. Ya saba ikawa ya kwanza. Ya sita ikawa ya pili. Ya tano ikawa ya tatu.

Sajini alifika. Alijaza, akaziba, akaweka kizibo chake, na bomu lilimkuta akirudi.

Na Rula alikuwa jukwaani na mashine ya kutoboa.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena. Jenereta likinguruma pale juu nani atasikia simu? Akaivaa miguu yake vyovyote ilivyotokea, akatoka mbio.

"Baba Rula, kiatu!" mkewe alimwita kutoka jikoni. "Kuna nini?"

Alikuwa ameshatoka uani. 

Mwenye pikipiki wa kona alimpakia. "Taratibu au kasi, mzee wangu?"

"Kasi mpaka mwisho wake."

"Leo Kapteni amerudi vitani," alisema kijana akicheka, na Kapteni aliyekuwa nyuma yake akatazama saa yake. Ilisema saa nne kasoro dakika sita. Kwenye taa za barabarani aliomba kwa sauti, na dereva akaacha kucheka.

Getini mlinzi alimzuia. Mgeni lazima asaini kitabu, avae kofia ngumu. Kapteni alisaini, na akiwa anasaini akalisikia jenereta likinguruma, kisha mashine ikaanza kulia kwenye zege.  Alisubiri kishindo. Hakikuja, mashine ikaendelea kulia, na yeye akakimbia kwenye njia ya mbao iliyopita chini ya daraja, kofia ikimchezacheza kichwani.

Msimamizi wa kazi, mtu mnene mwenye faili kwapani, alimwekea mkono kifuani.

"Shikamoo mzee. Hapa hapapitwi."

"Simamisha mashine! Ndani ya ile nguzo mna baruti!"

Msimamizi akatabasamu, kwa upole wa mtu aliyewahi kuwa na babu. Akafungua faili. "Hofu yako naielewa, mzee, hata sisi tuliuliza kabla ya kuanza. Hati hii hapa. Kapteni wa wakati ule alizikagua zote saba kwa macho yake. Ona, kasaini."

Kapteni aliuona mwandiko wake wa ujana, umenyooka, hauna hata doa. Alitamani kusema lolote jingine. Angeweza kusema amepata fununu, au mzee mwenzake amemnong'oneza. Lakini alijua msimamizi yule angempa kiti na maji, na mashine ingeendelea.

Juu kule Rula alimwona. Akampungia fundi mkono, mashine ikanyamaza.

"Baba! Umekuja kutuona!" Alikuwa kwenye jukwaa la pembeni ya nguzo, juu ya maji, kofia yake nyeupe ikimeremeta. Akawageukia mafundi wake wawili, na kwa sababu mashine ilikuwa imenyamaza kila mtu alimsikia. "Huyu ndiye mwenyewe! Kapteni wa kwenye hati. Ndiyo maana nawaambia msiwe na wasiwasi na daraja hili."

Mafundi wakamsalimu kwa kuinua kofia. Kapteni alitaka ardhi ipasuke.

"Rula," alisema. "Rula mwanangu, nisikilize. Mmeingia kiasi gani?"

"Kama kidole. Kwa nini?"

"Iacheni mashine hapo hapo ilipo. Msiivute. Msiiguse. Shukeni mmoja mmoja, polepole."

"Baba, nini tena? Si ulikagua?"

Mto ulipita chini. Basi lilikuwa likivuka juu yao, na Kapteni aliona nguzo ikitetemeka kidogo, jinsi zinavyotetemeka nguzo zote.

"Sikukagua. Niliishia ya nne. Hati ni ya uongo, mama, niliogopa nikaisaini. Kile kizibo ni cha Sajini. Humo ndani mna masanduku manane. Shuka!"

Rula alimtazama baba yake, kisha akainua mkono kutoka kwenye mashine, kidole kimoja kimoja. Akawatanguliza mafundi. Ngazi ilikuwa na vipago kumi na vinne, na Kapteni alivihesabu vyote, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu kwa miguu ya mwanawe. Kwenye kipago cha tisa buti lake liliteleza, ngazi ikagonga jukwaa, na mashine kule juu ikacheza ndani ya tundu lake. Rula akashuka kilichobaki.

Msimamizi faili lilishamwanguka zamani. Sasa alikuwa anakimbia kuelekea barabarani akiyapungia magari yasimame, na kwa unene wake ule hakuna aliyewahi kumwona akikimbia hivyo.

Saa saba wanajeshi wa baruti walikuwa wameshafika. Walifunga daraja pande zote mbili, wakatoa saruji kwa patasi ndogo, kipande kwa kipande. Ofisa wao akaja mpaka kwenye kamba ya kuzuia watu.

"Manane," alisema. "Makavu, na fataki za kulipulia ziko mahali pake. Ncha ya mashine imebakiza upana wa kiganja. Aliyeziba pale alijua kazi yake."

"Alijua," alisema Kapteni, na hapo ndipo alipolia, hadharani, na kofia ya wageni kichwani.

Rula alikuwa ameketi pembeni yake juu ya mfuko wa saruji. Hakumshika mkono, wala hakuondoka.

"Mabasi yote yale, Baba," alisema mwishowe. "Mimi mwenyewe kila siku, kwenda shule na kurudi."

"Najua."

"Na yule mtu uliandika hakufika."

"Niliandika hivyo. Mama yake aliishi na neno hilo mpaka alipokufa. Dada zake bado wapo ng'ambo."

Rula alifuta macho kwa mkono wenye vumbi la zege. Akatoa karatasi kwenye mkoba wake, na kalamu, akamwekea baba yake magotini juu ya ubao wa michoro.

"Andika upya," alisema. "Ya kweli. Kisha tutaipeleka kwa hao dada zake, mimi na wewe."

Mkono ulitetemeka kama siku ile ya kamba, lakini safari hii Kapteni aliuacha utetemeke na kuandika. Aliandika jina la Sajini na cheo chake. Aliandika kwamba alifika nguzoni, akaimaliza kazi yake yote, akafa akirudi. Kisha akaandika: "Ilikuwa nguzo ya tatu, kama nilivyomwagiza."

Rula alikuwa akisoma begani kwake. Akaweka kidole kwenye karatasi.

"Kuanzia wapi, Baba?"

Kapteni alinyanyua kichwa akamtazama. Miaka thelathini na minne, na swali lilikuwa fupi kiasi hicho. Akainama, akaongeza: "Kuanzia kwao."