Waliopandisha Mawe

Jumanne saa kumi na moja jioni, Afra alikuwa kwenye meza ya jikoni, ghorofa ya nne, Tottenham, akihakiki kitabu cha historia ya ngome za kale kando ya ziwa moja la Uswisi. Mama yake, Bi Jokha, alikuwa akikaanga sambusa. Mlango ukagongwa. Alikuwa mchuma zabibu aliyekufa miaka mia saba iliyopita, kikapu mgongoni.

"Vua viatu, baba, nimeshapiga deki," alisema Bi Jokha.

Akavua. Alisema mawe ya mnara wa magharibi wa ngome mojawapo ya kitabuni aliyapandisha yeye kutoka ufukweni, mwaka ambao baridi iliua mizabibu.

Kitabu kilitaja mabwana kumi na wanne wa ngome hizo, na farasi mmoja. Afra akachukua kalamu, akamuuliza jina.

"Konradi."

"Konradi wa nani?" aliuliza Bi Jokha bila kugeuka. "Jina moja ni la paka."

"Konradi wa Ulriki wa Berta. Berta ni bibi yangu, babu simjui. Aliuzwa pamoja na shamba."

"Basi Berta anatosha. Kula sambusa."

Kesho yake walikuja sita. Alhamisi foleni ilifika ghorofa ya tatu, nguo zao zikichuruzika maji ya ziwa. Jirani yao Pushpa alilalamikia maji tu. Afra aliandika majina mia mbili na kumi na moja, akayatanguliza mbele ya mabwana.

Ijumaa, siku ya kupeleka kitabu kiwandani kuchapwa, mhariri mkuu, Tony, aliyaona, na Afra akamweleza yalikotoka.

"Hawa wote walikuja kwako?"

"Kila jioni."

"Sawa. Lakini wasomaji wananunua minara, dadangu. Toa hayo majina."

"Sitoi."

"Basi natoa mimi."

"Yatoe moja moja, ukiyasoma."

Tony alibofya mara moja tu.

Kitabu kilitoka na picha nzuri sana. Konradi, ambaye hakujua kusoma, alikifungua polepole.

"Mimi niko wapi?"

Afra angeweza kumwonyesha mstari wowote.

"Wewe humo tena," alimwambia. "Wamewatoa wote."

Konradi alifunga kitabu. "Mnara ule ulianguka mara mbili," alisema. "Mara zote mbili tuliyapandisha mawe upya."

Akatoka kuwaeleza walioko ngazini. Hakuna aliyeondoka. Afra aliivuta meza hadi kwenye korido, kwa sababu jikoni hapakutosha tena, akafungua daftari jipya.

"Nani anafuata?"