Mbolea ya Kando ya Barabara

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alijiita Meneja. Hakuna aliyempa cheo hicho, alijivika mwenyewe. Alichosimamia ni ng'ombe mmoja mwenye mimba, mali ya mama mkwe, na shamba la nyasi tunazokata, kukausha na kufunga marobota ya kumlisha kiangazi.

Mwaka huo mvua zilipoanza alinunua mbolea ya dukani, akaimwaga kwenye ukanda unaopakana na barabara. Yote! Katikati ya shamba hakudondosha hata chembe.

"Shemeji," nikamwuliza, "nyasi za huku ndani ng'ombe hatakula?"

"Huku ndani nani anapaona?"

Nikadhani anatania. Mashemeji tunataniana, ni haki yetu. Lakini yule bwana hajui utani, anajua kutazamwa tu. Samadi ya bandani alikuwa akiitupa mtaroni, nyuma ya choo, eti ni mbolea ya mafukara na itamshushia hadhi. Hadhi ipi? Mtu ana suruali moja ya kutokea, na hiyo nayo inamtoroka kiunoni.

Ukanda wake ukastawi, nyasi zikamfika kifuani. Wapita njia wakasimama kusifia, na Meneja akawa anamtangulia jogoo kuamka, akasimame pale mikono nyuma, ajifanye anakagua. Huku ndani nyasi zilikuwa za njano, zimesinyaa kama ndevu za mgonjwa.

Nyasi hukatwa zinapoanza kutoa maua, majani yangali laini na nguvu ingali imo. Nikamwambia.

"Bado zinakua," akasema.

"Hata wewe ulikua, shemeji. Tukaongezewa nini?"

Mume wangu akakohoa kuficha kicheko. Meneja hakukata. Ikaja mvua kubwa, nyasi zake zilizonenepeshwa kwa sifa zikalala chini zote kama walevi. Unajua alifanya nini? Akachomeka vijiti, akazifunga kamba ili zisimame! Mtu mzima, ana mvi, anazivalisha nyasi mikanda.

Alipokubali kukata, zilikuwa zimekwisha kuwa fimbo. Chini zimeoza, juu zimemwaga mbegu. Akafunga marobota makubwa, akayapanga bandani upande wa dirisha, nayo yaonekane.

Kiangazi kikaingia. Ng'ombe akawa anachambua hori kwa ulimi, anaokota vijani viwili vitatu, fimbo anaziacha. Mifupa ya nyonga ikatokeza mpaka ungeweza kutundika koti. Na tumboni ndama anadai chake.

"Ana madeko huyo," Meneja akasema.

"Kweli. Angejua kula sifa, angeshiba."

Mdomo ulicheka, moyo haukucheka. Nimewahi kumwona ng'ombe aliyeishiwa nguvu siku ya kuzaa, akashindwa kunyanyuka. Yule alikufa akinitazama.

Asubuhi moja nikaenda nyuma ya choo kumwaga majivu, nikaangalia mtaroni. Palipotupwa samadi nyasi zilikuwa zimefungamana, majani mapana, laini, mabichi, na jua lote lile! Nikachukua mundu. Nilifyeka, nikaanika, zilipokauka nikazijaza horini. Ng'ombe alizamisha kichwa, hakukiinua.

Meneja akaja mbio. "We mwanamke! Watu waseme tunalisha takataka za mtaroni?" Akazikumba nyasi kwa mikono miwili, akazitupa nje ya hori.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Alimpapasa ng'ombe uti wa mgongo, taratibu, mpaka mkiani, kisha akachomoa bua moja kwenye robota la Meneja.

"Tafuna."

"Mama, mimi ni..."

"Nimekuuliza we ni nani? Tafuna, mwanangu."

Akatafuna. Akatafuna mpaka machozi yakamlenga, bua likamkwama kooni, akalitema kiganjani.

"Mwenzako anakula hayo kwa niaba ya wawili," mama akasema. "Haya, mrudishie chakula chake. Na kuanzia leo banda na shamba muulize mke wa mdogo wako."

Meneja akainama kuokota, ng'ombe akimpumulia kisogoni.

Mtaro ule ulitufikisha siku ya kuzaa, kwa taabu. Ng'ombe alizaa, akanyanyuka mwenyewe. Ndama alikuwa mwembamba na maziwa yalichelewa kushuka, lakini wote walikuwa wazima, na mimi niliingia jikoni nikalia kidogo, nikanawa uso.

Mvua zilipokaribia niliagiza samadi yote itawanywe shambani, kuanzia huku ndani. Mwenye kusukuma toroli ni Meneja. Alinijia mpole kama maji ya mtungini.

"Shemeji, nisubiri basi watu wapungue barabarani."

"Subiri tu, shemeji yangu, hamna neno."

Barabara ilipotulia, akatokeza na toroli, amejifunga kitambaa usoni kama mwizi. Nikabeba kiti changu mpaka langoni, nikakaa. Jirani wa kwanza kupita nilimdaka kwa sauti:

"Jamani, ndiyo unapita kimya hivyo? Njoo umpe Meneja pole ya kazi!"